Je, wajua kwa nini mwenyekiti wa tume iliyochunguza mauaji ya Wagalla alikaa kando?

Februari 1984, wanajeshi wa Kenya walizoa wanaume wa Degodia, ukoo wa Wasomali, kutoka Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, na vitongoji vyake, wakawarundika kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Serikali ilidai ni msako wa silaha, kwa kuwa Degodia na ukoo jirani wa Ajuran walikuwa wakiuana. Wanaume wale walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji. Waliojaribu kukimbia walimiminiwa risasi. Maiti nyingine zilipakiwa kwenye malori zikatupwa porini, na ndiyo maana watu hawaafikiani kuhusu idadi hadi leo: serikali ilitaja 57, walionusurika wanataja maelfu.

Familia zilingoja zaidi ya miaka 25 kabla ya kusikilizwa rasmi, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyoundwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Mwenyekiti wake alikuwa Balozi Bethuel Kiplagat. Tatizo ni kwamba mwaka 1984 alikuwa katibu wa kudumu katika Wizara ya Mambo ya Nje, na siku mbili tu kabla ya msako kuanza alikuwa Wajir, kwenye mkutano wa maafisa wakuu wa serikali kuhusu usalama. Alikana kuhusika na mauaji. Lakini waathiriwa waliona kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere.

Hapo si suala la kuwa na hatia au kutokuwa nayo. Tume ya aina hii haimfungi mtu. Inasikiliza, inaandika, inapendekeza. Mjane akikataa kuiamini, haina kitu kingine cha kumpa. Kelele zilizidi, na mwishoni mwa 2010 Kiplagat akakaa kando. Vikao vya Wajir vya 2011 vilifanyika bila yeye kwenye kiti. Mwaka uliofuata akarejea, wengi wakiguna.

Ripoti ilimfikia Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Kabla mwaka kwisha, Bunge likabadilisha sheria ili mapendekezo yasitekelezwe mpaka wabunge waijadili kwanza. Kwa maoni yangu, hilo liliziumiza familia kuliko sakata lote la mwenyekiti. Machi 2015 Rais aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa wa dhuluma za zamani. Wajir bado wanadai fidia.