Kufutwa kwa Geta: Sura Zilizokwanguliwa Katika Sanaa ya Kirumi

Kutokana na maswali yanayozidi kuletwa idarani kwetu, ni vyema ikafahamika kwamba si kila sura iliyokwanguliwa katika sanaa ya Kirumi iliharibiwa na wavamizi, wezi au mvua. Nyingine ziliharibiwa na dola yenyewe, kwa amri, na amri hiyo ilikusudiwa kuonekana.

Tao la Septimius Severus jijini Roma lilizinduliwa mwaka 203 kutukuza ushindi dhidi ya Waparthi, dola ya Iran ya kale. Maandishi yake yalimtaja kaisari huyo, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, pamoja na wanawe Caracalla na Geta, ili kila apitaye ajue kwamba warithi wamekwisha kupatikana. Severus alifariki mwaka 211, na muda si mrefu Caracalla akaamuru nduguye auawe. Hapo ndipo utekelezaji wa amri ya kumfuta ulipoanza: jina la Geta liliondolewa kwenye mawe na hata kwenye hati za mafunjo, sanamu zake zikaangushwa, siku yake ya kuzaliwa ikakoma kuadhimishwa, na sarafu zenye sura yake, kama alivyoandika seneta Cassius Dio aliyeishi wakati huo, zikayeyushwa. Zilisalia nyingi, kwa hiyo tunaomba watu waache kudai kwamba kila sarafu ya Geta ni ya bandia.

Kwenye tao, herufi za shaba za jina la Geta ziling’olewa, jiwe likachongwa upya, zikapachikwa herufi nyingine za kumsifu baba na mwana aliyebaki. Matundu ya misumari ya zamani hayakuzibika, na kwa matundu hayo jina lake linasomeka hadi leo.

Picha ya familia hiyo iliyochorwa juu ya ubao nchini Misri, ambayo sasa iko Berlin, inaeleza zaidi. Uso wa mtoto mmoja, anayetambuliwa na wataalamu wengi kuwa Geta, umefutwa, lakini mwili umeachwa palepale kando ya mama yake, Julia Domna. Aliyetaka asahauliwe tu angepaka rangi juu yake. Pengo hili lilimwonya mtazamaji.

Wapo wanaopendekeza nyuso hizi zirudishwe. Kufanya hivyo kungefuta amri ya Caracalla, ambayo nayo ni sehemu ya kumbukumbu tunayoitunza.