Maana ya NOC: halmashauri ya Uingereza ikikosa chama chenye wingi

Mei 2017, kaskazini kabisa mwa England, kiti cha udiwani kiliamuliwa kwa kuvuta vijiti. Kata ilikuwa South Blyth, katika mji wa bandari wa Blyth, uliomo kwenye halmashauri ya Northumberland. Mgombea wa chama cha Liberal Democrats alipata kura 356, na wa chama cha Conservative 356. Zikahesabiwa upya, zikabaki palepale. Kijiti kifupi kikamwangukia wa Conservative, akaenda nyumbani.

Kwa kawaida kisa kama hicho kingebaki kichekesho cha siku mbili. Ila halmashauri ile ilikuwa na viti 67, kwa hiyo chama kinachotaka kuishika peke yake kilihitaji 34, na Conservative walikuwa wameshapata 33. Kiti walichonyimwa na kijiti ndicho kilichokuwa cha 34. Hesabu ya mwisho ikasomeka Conservative 33, Labour 24, madiwani wasio na chama 7, Liberal Democrats 3. Na pale kwenye jedwali panapoandikwa jina la chama kinachoshika halmashauri, zikawekwa herufi tatu: NOC, kifupi cha "no overall control".

Herufi hizo zinasema jambo moja tu: hakuna chama chenye zaidi ya nusu ya viti vyote. Hazisemi kwamba uchaguzi umevurugika au utarudiwa, wala kwamba mji umebaki bila uongozi. Nimeona zikifasiriwa kwa Kiswahili kuwa "hakuna mshindi", na hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana washindi wapo tele. Kila diwani kati ya wale 67 alishinda kwenye kata yake, hata yule wa kijiti. Kilichokosekana ni chama kimoja kinachoweza kupitisha mambo bila kumbembeleza mtu.

Ili kuona kwa nini jambo hilo lina uzito, lazima ujue kiongozi wa halmashauri anatoka wapi. Hapa Mtanzania atanielewa upesi kuliko Mkenya. Kenya wananchi humpigia kura gavana moja kwa moja, na gavana huapishwa hata kama bunge la kaunti limejaa wapinzani wake. Tanzania madiwani ndio wanaomchagua meya au mwenyekiti wa halmashauri kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo kujua nani ana madiwani wangapi ni kujua nani atakaa kwenye kiti. Sehemu kubwa ya England iko hivyo. Mwananchi anamchagua diwani wa kata yake basi, halafu madiwani wakikutana wanamchagua kiongozi wa halmashauri, naye anateua baraza lake dogo la watu wasiozidi kumi, yeye mwenyewe akiwemo. (Yule meya unayemwona pichani na mkufu mzito shingoni, akifungua maonyesho ya maua, mara nyingi si huyo. Huyo ni meya wa heshima, anaongoza vikao na sherehe. Ipo miji michache inayomchagua meya mwenye madaraka kwa kura za wananchi, na huko hesabu ya viti ina uzito tofauti.)

Nimesema England kwa makusudi. Kiswahili chetu kinaita "Uingereza" vyote kwa pamoja, lakini Scotland huchagua madiwani wake kwa mfumo mwingine kabisa, wa kupanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3. England ni mwenye kura nyingi anachukua kiti. Kata nyingine ina diwani mmoja, nyingine wawili, nyingine watatu, na penye viti vitatu mpiga kura anaweza kuweka alama hadi tatu. Ndiyo maana ukijumlisha kura za mji mzima unaweza kukuta jumla imezidi idadi ya watu waliofika kituoni, ukadhani pamechezwa mchezo. Hapana, kila mmoja alikuwa na kura tatu mkononi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waandishi wa habari. Halmashauri nyingi huchagua madiwani wote kwa mpigo kila baada ya miaka minne. Nyingine huchagua theluthi yao mwaka huu, theluthi mwaka ujao, theluthi mwaka wa tatu, kisha mwaka wa nne zinapumzika. Sasa tuseme mji una viti 48, na mwaka huu vinagombewa 16. Chama fulani kinazoa 11 kati ya hivyo 16, wanachama wake wanakumbatiana ukumbini, halafu tangazo linasema NOC. Mtu wa mbali atauliza wameibiwaje. Hawakuibiwa. Kwenye vile viti 32 ambavyo havikuguswa mwaka huu walikuwa na 10 tu. 11 na 10 ni 21, na wingi kwenye viti 48 unaanzia 25. Kwa hiyo ukisoma matokeo ya mji wa namna hiyo, tafuta safu mbili: viti vilivyopatikana usiku ule, na viti vya chama katika halmashauri nzima baada ya usiku ule. Inayoamua ni safu ya pili. Ile ya kwanza ni ya kupimia upepo unavumia wapi.

Halafu angalia hiyo 25. Nusu kamili haitoshi. 24 kwa 24 nayo ni NOC. Kikao kikigawanyika sawasawa, sheria inampa anayekiongoza kura ya pili ya kuamua. Hapo yule meya wa mkufu, ambaye mwaka mzima alikuwa wa kukata utepe, anageuka ghafla kuwa mtu wa kupigiwa simu usiku.

Uchaguzi hufanyika Alhamisi, mara nyingi ya kwanza ya Mei, vituo vikifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Kikao kikuu cha mwaka cha halmashauri hufuata wiki mbili tatu baadaye. Mahali penye NOC, siasa yenyewe inafanyika kati ya siku hizo mbili, kwenye vyumba ambavyo mpiga kura haingii. Vyama viwili vinaweza kuungana, vikagawana nafasi na kuandikiana mkataba. Au chama kimoja kinaongoza kikiwa na wachache, wengine wakikubali kukipisha bila kujiunga nacho, na tangu siku hiyo kila hoja inatafutiwa kura upya. Northumberland ilikwenda njia hii ya pili: Conservative waliongoza na viti vyao 33. Wenye wingi huweza kumficha kiongozi wao dhoruba ikija, lakini wao hawakuwa na ukuta huo. Septemba 2020 kiongozi wao aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, akaingia mwenzake wa chama hichohicho.

Wala usidhani chama chenye viti vingi zaidi ndicho lazima kiongoze. Mei 2025 huko Cornwall, pembe ya kusini magharibi, Reform UK walitoka na viti 28 kati ya 87, wakiwa mbele ya wote. Liberal Democrats walikuwa na 26. Wengine waliobaki hawakutaka kufanya kazi na Reform, Liberal Democrats wakashikana mikono na madiwani wasio na chama, na uongozi ukaenda huko. Waliokasirika walisema wananchi wameporwa. Kwa maoni yangu malalamiko hayo hayana mashiko: madiwani 59 wa Cornwall hawakuwa wa Reform, nao pia walipigiwa kura. Dar es Salaam waliliona jambo hili kwa sura yao Machi 2016, vyama vya upinzani vilipounganisha kura za madiwani na kumpata meya wa jiji kutoka Chadema.

Mahali ambapo kukosa wingi kunauma zaidi ni bajeti. Kupanga zamu za kuzoa taka au kurekebisha taa za bustani kunaweza kuamuliwa na kiongozi na baraza lake dogo. Bajeti na kiwango cha kodi ya halmashauri ambayo kila kaya hulipa lazima vipite kwenye kikao cha madiwani wote, na kiwango hicho kinatakiwa kiwe kimeshapangwa kabla ya tarehe 11 Machi. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka, kwenye mji wa NOC, diwani mmoja asiye na chama aliyechaguliwa kwa ajili ya kutetea maegesho ya magari ya mtaa wake anaweza kukuta kiongozi wa halmashauri anamkaribisha chai. Wapo wanaosema hiyo ni demokrasia kwa ubora wake, kwamba hakuna anayepitisha jambo bila kulieleza. Mimi naona inategemea watu. Nusu ya faida hiyo huyeyuka pale maegesho yanapobadilishwa kwa kura ya bajeti.

Haya si ya Waingereza peke yao kuyafuatilia. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali England, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura hata kama hana uraia wa Uingereza. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo kwenye orodha hiyo. Burundi na Kongo hazimo. Mwanafunzi kutoka Morogoro aliyeko Leicester kwa viza ya masomo anayo haki hiyo, na wengi wanaitupa kadi ya mpiga kura wakidhani imekosea anwani. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika.

Jambo la mwisho kuhusu herufi hizi: hazingoji uchaguzi. Diwani akifariki au kujiuzulu, kata yake inapiga kura peke yake, na hesabu inaweza kupinduka siku hiyo. Diwani anaweza pia kukihama chama na kubaki na kiti chake, maana kwa sheria ya huko kiti ni chake yeye, si cha chama. Oxford, yenye viti 48, ilikuwa mikononi mwa Labour hadi Oktoba 2023, pale madiwani wake kadhaa walipokihama chama kwa hasira juu ya kauli za kiongozi wao wa kitaifa kuhusu Gaza. Wingi ukaondoka nao. Uchaguzi wa Mei 2024 haukuurudisha.