Mwanzilishi wa bendi ni nani hasa?

Bendi kongwe ya roki ya gothiki (roki yenye sauti za giza na huzuni) ikitoa albamu mpya baada ya mmoja wao kuondoka, utasoma maneno yale yale: "albamu ya kwanza bila mwanzilishi wao." Ukichunguza, mara nyingi aliyeondoka hakuanzisha chochote. Aliikuta bendi ikiwa na jina na santuri madukani, akaingia, akapendwa. Nimelisoma kosa hili mara nyingi mno, na linaniuma kwa sababu mwanzilishi wa kweli hudhulumiwa kila linaporudiwa.

Maana ni fupi: mwanzilishi ni aliyeshiriki kuiunda bendi ilipokuwa haipo.

Neno lenyewe linasema hivyo hivyo. Mzizi wake ni anza, lakini ndani yake mna -ish-, kiungo kile kile kilichomo katika rudisha: kumfanya mwingine atende. Anayeanza huenda anaanza kazi yake tu, hata kama kazi hiyo ilikuwapo miaka kumi kabla yake. Anayeanzisha hukifanya kitu chenyewe kianze. Irabu -i ya mwishoni ni ya mtendaji, kama katika mpishi na mlinzi. Lipo pia neno mwasisi, lenye asili ya Kiarabu, ambako asasi ni msingi. Mwasisi ndiye aliyeweka msingi. Fundi aliyekuja kuezeka anaweza kuwa hodari kuliko wote, na nyumba ikasifiwa kwa paa lake, lakini msingi aliukuta.

Tazama The Sisters of Mercy. Bendi hii iliundwa Leeds, Uingereza, mwaka 1980 na Andrew Eldritch na Gary Marx. Katika santuri yao ya kwanza ya mwaka huo, Eldritch ndiye aliyepiga ngoma. Wayne Hussey aliingia na gitaa lake mwishoni mwa 1983, akachangia sana albamu ya 1985, First and Last and Always, kisha akaondoka mwaka huo huo. Floodland ilipotoka mwaka 1987, ilikuwa kweli albamu ya kwanza baada ya mwanzilishi kuondoka, ila mwanzilishi huyo alikuwa Marx, naye pia aliondoka 1985. Bado watu humtaja Hussey. Hussey ni mwanzilishi, tena bila ubishi, wa bendi nyingine, The Mission. Na Eldritch, mwanzilishi mwingine, alikuwamo ndani ya Floodland tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo "bila mwanzilishi wao" hata kwa Marx isingekuwa sahihi.

Siouxsie and the Banshees ni hivyo hivyo. John McKay na Kenny Morris, wasio waanzilishi, walipoikimbia bendi mwanzoni mwa ziara mwaka 1979, waanzilishi Siouxsie Sioux na Steven Severin walibaki, na mwaka 1980 wakatoa Kaleidoscope.

Linalochanganya zaidi ni kudhani kwamba mwanzilishi ndiye mwenye jina la bendi siku zote. Rozz Williams aliianzisha bendi ya Christian Death huko Los Angeles mwaka 1979. Alipotoka 1985, Valor Kand, aliyejiunga baada ya albamu ya kwanza, aliendelea kutoa albamu kwa jina lile lile. Baadaye Williams naye akalitumia jina hilo kwa kundi lake. Mashabiki wana haki ya kubishana ni Christian Death ipi iliyo ya kweli. Ila hata mahakama ikimpa mtu jina la bendi, haiwezi kumfanya awe alikuwapo siku ilipoundwa.

Kwa hiyo ukiandika juu ya albamu kama hizi, tazama kwanza mwaka ambao aliyeondoka aliingia. Kama aliikuta bendi ipo, "mpiga gitaa wao wa miaka mingi" inatosha, na ni heshima kamili. Kwa The Sisters of Mercy, mwanzilishi aliyeondoka ni Gary Marx.