Kupima Ustawi wa Jamii Bila Kupima Hewa na Maji

Ninapopewa ripoti ya ustawi wa jamii, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni hali ya hewa ambayo watu wanaivuta, maji wanayoyanywa na mahali taka zao zinapoishia. Mara nyingi sikipati. Ninachokuta ni kipato, elimu na umri wa kuishi, yaani mambo yale yale matatu yanayounda Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ambayo Umoja wa Mataifa umekuwa ukiitoa tangu mwaka 1990. Vipimo hivyo nina imani navyo, lakini huonyesha madhara yakiwa yamekwisha kutokea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2012 watu milioni 12.6 walifariki kutokana na kuishi au kufanya kazi katika mazingira yasiyo salama, karibu kifo kimoja katika kila vinne duniani.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa madini ya risasi. Humwingia mtoto kupitia vumbi la rangi kuukuu, mabomba ya maji, au udongo wa mahali ambapo betri za magari huyeyushwa. Hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na yanapokuwa kidogo mwilini hayaleti homa wala maumivu ya kumfikisha mtoto zahanati. Hupunguza tu uwezo wake wa kujifunza na kutulia, na kinachopotea hakirudi. Katika takwimu za afya mtoto huyo ni mzima. Ataonekana miaka kadhaa baadaye akishindwa masomo, na lawama zitamwangukia mwalimu au mzazi, ambao hawakuwa na njia ya kujua.

Kipato nacho hudanganya, kwa maana kiwanda kinachomwaga sumu mtoni huongeza pato, na fedha wanazolipa wagonjwa kutibiwa huhesabiwa vilevile kuwa shughuli za uchumi.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba tathmini yoyote ya ustawi ihusishe upimaji wa risasi katika damu ya watoto, na upimaji wa hewa mtaa kwa mtaa, kwa sababu wastani wa mji mzima huwaficha wanaoishi kando ya barabara kuu na majalala. Maji nayo yapimwe pale yanapochotwa na kuhifadhiwa majumbani, kwa kuwa yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi na kuchafuka njiani.