Mkanda mrefu kwenye pikipiki ya theluji ya zamani: kusogeza ekseli hakutoshi

Wengi hudhani ukitoa mkanda wa mpira unaozunguka chini ya pikipiki, wa inchi 121, na kuweka wa 136, unalegeza tu skrubu za kukazia na kurudisha ekseli ya nyuma. Haiwezekani. Mzunguko umeongezeka inchi 15, hivyo ekseli hurudi nusu yake, takriban inchi 7.5, skrubu hizo hazifiki huko. Ni lazima reli (vyuma virefu vinavyoushikilia mkanda kwa ndani) ziungwe vipande vya kurefusha, na mara nyingi bodi (fremu iliyo juu ya mkanda) nayo.

Kabla ya kununua, linganisha nafasi kati ya meno: mkanda wa inchi 2.52 hautembei kwenye sproketi (magurudumu ya meno yanayouzungusha) za 2.86, utaruka na kulika. Pima pia uwazi kati ya mkanda na bodi. Vijino vya nje vya mkanda vikiwa virefu mno hukwaruza radieta iliyo chini ya bodi, ikitoboka injini inapoteza maji. Gia? Sproketi ya juu kwenye kasha la mnyororo iwe ndogo kidogo.