Ushirikiano wa Bahari ya Barents haukufa mwaka 2022

Juma lililopita jamaa mmoja aliniambia, kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia mazishi, kwamba Norway na Urusi zimeshavunja kila kitu huko Aktiki. Nimeyasikia hayo mara nyingi mno. Kazi yangu ni kusoma umri wa samaki kaskazini mwa Norway, na nimeona heri niandike jibu ili anayeuliza kesho asomewe.

Yapo yaliyovunjika kweli. Urusi ilijitoa Septemba 2023 katika Baraza la Barents, chombo cha ushirikiano wa nchi za kaskazini kilichoanzishwa Kirkenes, Norway, mwaka 1993, na katika Baraza la Aktiki nchi nyingine saba zilisitisha vikao Machi 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, kisha kazi ikarejea taratibu. Lakini Tume ya Pamoja ya Uvuvi ya Norway na Urusi, iliyozaliwa na mkataba wa mwaka 1975 wakati wa Vita Baridi, imeendelea kupanga mgao kila mwaka, yaani kiasi cha samaki kinachoruhusiwa kuvuliwa katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa nchi hizo mbili. Mgao wa torski (cod kwa Kiingereza) wa mwaka 2025, tani 340,000, ulikubaliwa na pande zote mbili huku vita vya Ukraine vikiendelea. (Kamusi humwita torski chewa, lakini chewa wetu wa miambani ni samaki mwingine kabisa.)

Linaloniudhi zaidi ni pendekezo linalofuata kila mara: basi kila nchi ivue katika maji yake. Anayesema hivyo hamjui torski. Wazazi hutaga kwenye pwani ya Norway, hasa visiwa vya Lofoten, mwisho wa majira ya baridi. Mkondo wa bahari hubeba mayai na mabuu kuelekea kaskazini mashariki, na wachanga wengi hukulia mashariki mwa Bahari ya Barents, pamoja na ukanda wa Urusi (maji ambamo Urusi ndiyo yenye haki ya uvuvi), kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi kutaga. Ukiwafungia Warusi katika ukanda wao, utakuwa umewaachia samaki wadogo, na tani moja ya wadogo ni roho nyingi zaidi kuliko tani moja ya wakubwa, tena roho ambazo hazijataga hata mara moja. Ndiyo maana meli za Urusi huruhusiwa kuvua sehemu ya mgao wao katika ukanda wa Norway, waliko samaki wakubwa. Norway inapofungua mlango huo inalinda torski wake wa miaka ijayo. Baada ya kutenga fungu la nchi nyingine, torski hugawanywa nusu kwa nusu, awe amevuliwa upande gani.

Makubaliano yenyewe hujengwa kwa vitu vidogo. Kwa miaka mingi Norway ilidai tundu la juya, wavu unaokokotwa na meli, la milimita 135 na torski asiyepungua sentimita 47; Urusi ikatosheka na milimita 125 na sentimita 42. Mwaka 2011 zikakutana: milimita 130, sentimita 44.

Kisha kuna kijiwe cha sikio. Hukitoa kichwani mwa samaki, cheupe, kigumu, nikakivunja katikati na kuziangalia pete zake kwa hadubini: pana ya kiangazi, nyembamba ya baridi. Pete moja ikihesabiwa kimakosa, samaki wa miaka saba anakuwa wa minane, na kosa hilo likirudiwa katika maelfu ya vijiwe, kizazi kizima huhama mwaka katika hesabu za mgao. Kwa hiyo tangu mwaka 1992 wasomaji wa Norway na Urusi hubadilishana vijiwe na kulinganisha majibu. Nimewahi kukaa nusu saa juu ya kijiwe kimoja, nikibishana na mwenzangu kama ule mstari wa ukingoni ni baridi ya mwaka huu au kivuli tu.

Nina mashaka pia, na sioni sababu ya kuyafunika. Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari liliisimamisha Urusi mwaka 2022, na tangu hapo ushauri wa mgao hutolewa na wanasayansi wa nchi hizi mbili peke yao. Nawaamini wenzangu, ila namkosa mtu wa nje wa kutuuliza maswali magumu. Mgao ulifika tani 1,000,000 mwaka 2013. Vizazi dhaifu vya wachanga vinaeleza sehemu kubwa ya kushuka kwake. Sehemu nyingine, naogopa, ni sisi tuliokadiria akiba kubwa kuliko iliyokuwapo.

Kuna hofu nyingine, ambayo hesabu haiwezi kuitatua. Tangu Oktoba 2022 meli za uvuvi za Urusi zinaruhusiwa katika bandari tatu tu za Norway: Tromsø, Kirkenes na Båtsfjord. Julai 2025 Norway iliziwekea vikwazo kampuni mbili kubwa za uvuvi za Urusi, na Moscow ikatishia kulipiza. Ikitokea upande mmoja ukafunga ukanda wake, meli za Urusi zitarudi mashariki na majuya yao, kule kule waliko torski wa miaka mitatu na minne ambao bado hawajaiona Lofoten.