Je, wajua? Hakimu wa Uganda naye ana wa kumuuliza

Shangazi yangu alikwenda kortini mara tano kwa kesi moja ya kiwanja. Kila mara karani alitoka, akasoma majina, kisha akasema: "Hakimu hayupo. Chukueni tarehe nyingine." Mara ya tano alinionyesha ile karatasi, tarehe zimekatwa kwa kalamu moja chini ya nyingine. "Mwanangu, huyu naye ana mkubwa wake?"

Anaye. Ibara ya 147 ya Katiba ya 1995 inaipa Tume ya Utumishi wa Mahakama kazi ya kupokea malalamiko ya wananchi na kuwa kiungo kati yao na mahakama. Na ibara ya 126 inasema mamlaka ya mahakama yatoka kwa wananchi. Kwa hiyo mlalamikaji haombi hisani.

Hapa lakini ndipo wengi wanapojikwaa. Tume haitengui hukumu. Ukiona sheria imekosewa, kata rufaa. Wala huwezi kumshtaki jaji kwa alichoamua akiwa kazini, maana ibara ya 128 inamkinga. Kinga hiyo naitetea kwa moyo wote. Septemba 21, 1972, enzi ya Idi Amin, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa palepale Mahakama Kuu, Kampala, akatoweka hadi leo. Jaji asiyelindwa ataamua wanavyotaka wenye bunduki.

Kinacholalamikiwa basi ni mwenendo: kudai rushwa, kutukana watu, kutofika kazini, kukalia hukumu miaka na miaka.

Hakimu wa ngazi za chini, Tume yenyewe inaweza kumwadhibu, hata kumwachisha kazi. Jaji ni habari nyingine. Rais hawezi kumfukuza kwa hasira zake: Tume au Baraza la Mawaziri hupeleka suala kwake, jaji anasimamishwa, jopo maalumu linachunguza, na ni jopo likipendekeza tu ndipo anaondolewa. Safari ndefu, ndiyo, na inafaa iwe ndefu.

Ndani ya Tume wamo wajumbe wawili wa umma ambao lazima wasiwe wanasheria. Nalipenda sana wazo hilo, ingawa kwamba wao pia wanateuliwa na Rais naliona ni kasoro.

Kuna pia jicho la wananchi lisilohitaji barua ya malalamiko. Ibara ya 28 inataka kesi isikilizwe hadharani, isipokuwa pale maadili, utulivu au usalama wa taifa unapodai vinginevyo. Hata usiye na kesi, ingia, keti benchi la nyuma, sikiliza.

Shangazi tulimsaidia kuiandikia Tume barua: namba ya kesi, jina la hakimu, tarehe zote tano. Ile karatasi tuliitoa fotokopi. Yenyewe akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja.